Mwaga huo mchanga kwanza, kenge baadaye

Mkuu uliyeniandikia kutoka Bagamoyo, usimlipe huyo kijana. Umesema amekuletea kenge wa sentimita 30 hivi, mweusi mwenye madoa ya njano, eti aina ndogo isiyokua zaidi ya hapo. Umeshaandaa tangi la samaki lenye mchanga wa ufukweni, sasa unauliza ale nini, taa gani, na kama mtoto anaweza kumshika.

Huyo ni mtoto wa kenge maji. Akikua anapita mita moja na nusu, na wapo wanaofika mbili. Pwani yetu ina kenge wawili tu, huyo na wa nchi kavu, Varanus albigularis, naye anavuka mita. Wadogo wa kweli wako Australia, mfano Varanus acanthurus mwenye mkia wa miiba, anayeishia sentimita 60 au 70. Australia hairuhusu wauzwe nje. Wanaofugwa Ulaya na Marekani wamezalishwa huko huko. Na kumkamata wa kwetu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Lakini kilichoniumiza ni huo mchanga. Kabla serikali haijasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, nilikuwa nalisha wanyama kwenye banda la msafirishaji mmoja Muheza, mwenye vibali vyake. Akaja mnunuzi kutoka nje, akatuaminisha kwamba kenge wa nchi kavu ni mnyama wa jangwani, apewe mchanga mkavu na joto, unyevu utamwozesha ngozi. Tukafuata. Maji ya kunywa tuliwapa kila siku na bado walikauka. Macho yanazama, ngozi ya ubavuni ukiivuta hairudi, mifupa ya shina la mkia inatokeza. Kwenye kinyesi, ile sehemu nyeupe ambayo kwa mzima huwa laini, ilikuwa ya njano, ngumu, inavunjika vidoleni. Hizo ni figo zinakufa. Mzee mmoja wa Kizigua pale bandani alisema wawekewe udongo wa kichuguu, bosi akampuuza. Wanasema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni; pale asiyesikia alikuwa mwenye banda. Walikufa wengi, na yule mnunuzi akalalamika tumemuuzia wagonjwa! Hasira hiyo sijaimeza hadi leo. Mtu anajiita mtaalamu, hajawahi kukaa Handeni kiangazi akaona kenge anatokea wapi.

Anatokea shimoni. Anaota jua mpaka mwili upate moto, kisha anarudi chini ya ardhi au kwenye kichuguu, ambako kuna unyevu na hapotezi maji. Kenge maji jike hutaga ndani ya kichuguu chenye mchwa hai, nao mchwa wakaziba tundu, mayai yakabaki kwenye joto na unyevu usioyumba. Mchanga wako akiuchimba unaporomoka. Ukiumwagia maji yanazama, juu panakauka kabla ya adhuhuri, achilia mbali chumvi.

Tafuta udongo tifutifu wenye ufinyanzi kidogo. Ufinye mkononi: ushikamane bonge bila kuchuruzika. Choma kidole, tundu libaki wazi. Kwa wale wadogo wa Australia kina ni kuanzia sentimita 30, 45 ni bora. Wa kwetu wanataka zaidi, na mkubwa wa nchi kavu, banda la futi nane kwa nne ni pa kuanzia tu. Tangi lako ukilitia udongo huo, kenge mwenyewe hana pa kukaa.

Kwa hiyo kibali kiwe mkononi, banda limejengwa, udongo umejazwa na umekaa wiki kadhaa haujakauka wala kunuka, ndipo utafute mnyama. Mtu asikwambie utaongeza udongo ukiona anakonda. Ukishamwona amekonda kwa kukauka, huenda figo zimeshakwenda.

Huyo wa leo, mwambie kijana amrudishe pale pale alipomtoa. Kama ni bonde la Ruvu, basi huko huko, na aende leo jua halijazama.