Jibu: Alinishtaki London kwa madai ya uongo, sasa kaiondoa kesi. Naweza kumshtaki?

Pole sana ndugu yangu. Kukaa miaka miwili na kesi ya madai kichwani, halafu aliyekushtaki anaiondoa wiki chache kabla ya kusikilizwa, inauma.

Ndiyo, kwa sheria ya England njia ipo. Ilifunguliwa mwaka 2016 katika shauri la Willers dhidi ya Joyce: Mahakama ya Juu ilikubali, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mtu anaweza kudai fidia kwa kufunguliwa kesi ya madai kwa nia ovu. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako, na ni mzito. Kesi iwe imeisha kwa faida yako, na kuondolewa kunaweza kutosha. Awe hakuwa na sababu ya msingi ya kushtaki. Uwe umepata hasara. Halafu nia ovu, na hapo ndipo wengi wanakwama. Kushindwa kesi si nia ovu, hata chuki peke yake haitoshi. Onyesha alijua madai hayana msingi, au aliitumia mahakama kwa lengo jingine kabisa. Willers mwenyewe, baada ya ushindi ule wa 2016, madai yake yalitupwa mwaka 2018.

Kwa hiyo naomba uanze kwa kudai gharama zako za kesi. Anayeondoa madai kwa kawaida ndiye anayezilipa. Na zile meseji za kukutisha ulizosema alikutumia usizifute, mpelekee wakili zote.