Fildi ya picha gazetini Dar: kamera utapewa, majina ya watu utayatafuta mwenyewe

Mdogo wangu umeuliza kama ukubali nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye dawati la picha la gazeti hapa Dar, wakati kamera huna, unatoka mkoani, hulipwi, na una miaka 21 unaogopa wataona mtoto. Mi nilifanya fildi hiyo hiyo wiki kumi, gazeti silitaji, kila alfajiri natoka Gongo la Mboto na daladala, kwaiyo nakujibu yale niliyopitia.

Umri kwanza tuumalize. Mohamed Amin, yule Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizunguka dunia, alianzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, hapa hapa Dar mwaka 1963 akiwa na miaka kama 20. Nenda.

Kamera nayo isikunyime usingizi. Sisi tulikuta bodi za zamani (kamera bila lenzi) za watu wa fildi, mi nikapewa moja na lenzi ya 18-55, ile inayokuja na kamera dukani, wakubwa ndo wanatembea na 70-200, lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali. Niliumia mwanzoni ila lenzi fupi haikuachi usimame mbali, ukitaka sura ya mtu lazima umsogelee mpaka msalimiane, na hapo ndo kazi yenyewe inapoanzia. Cha kununua ni memori kadi yako mwenyewe na mfuko wa nailoni mzito wa kufunika kamera mvua ikikukuta barabarani.

Wiki ya kwanza walinipeleka Kisutu, Mahakama ya Hakimu Mkazi. Pale unangoja karandinga, lile gari la kubeba mahabusu. Unaweza kusimama toka saa mbili asubuhi mpaka saa sita, alafu linaingia, watuhumiwa wanashuka wamejifunika nyuso na makaratasi au mtandio, una sekunde chache tu na wapigapicha wengine wote wanaitaka hiyo hiyo nafasi uliyosimama wewe, na kesi ikianza ndani hupigi tena. Siku mbili mfululizo nilikosa, sababu nikipiga moja nainamisha kichwa kuangalia skrini imetokaje na mtu anayetafutwa anapita. Mzee mmoja wa gazeti jingine akanishika bega, "kijana, skrini utaangalia kwenye daladala." Toka siku hiyo naseti shata (kasi ya kupiga picha) kabla, najaribu kwenye ukuta ule ule watakapopita, nikishamaliza siangalii tena.

Sasa kitu ninachotaka ukielewe kuliko vyote ni kepsheni, yale maelezo ya chini ya picha. Chuoni tulifundishwa mwanga, fremu, ISO, sikumbuki hata siku moja tulikaa kuandika kepsheni. Masika ile mto Msimbazi ukajaa, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, mwendokasi hazipiti, mi nikavuka na watu mpaka kwenye nyumba za pembeni nikamkuta mama mmoja anaanika godoro juu ya bati, nyuma yake maji ya udongo mpaka mwisho wa macho. Nikapiga kama 30 nikakimbia kuwahi dedilaini. Nilijua hii ni ukurasa wa mbele. Mhariri wa picha akaiangalia muda mrefu alafu akauliza, huyu ni nani? Nikasema mkazi wa Jangwani. Akasema, "mkazi wa Jangwani siyo jina," akaifunga na kesho yake haikutoka.

Nikarudi asubuhi. Nikamkuta anafagia tope, nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba alafu akaniangalia, "wewe si ndo wa jana uliyenipiga picha ukakimbia?" Hakusema kwa hasira na ndo maana iliniuma zaidi. Nikamwomba msamaha, nikashika ndoo tukatoa maji huku tunaongea, na kumbe mama wa watu hata haishi Jangwani! Anaishi Mbagala, alikuja kumuuguza binti yake aliyejifungua, na lile godoro ni la mzazi na kichanga. Yaani kepsheni yangu ya jana ingekuwa uongo, uongo mbele ya nchi nzima, na picha yenyewe haina kosa lolote. Akanitajia majina yake matatu taratibu, nikaandika, nikamsomea, akarekebisha herufi moja.

Picha ikatoka ukurasa wa tatu ikiwa na habari yake kamili, na chini imeandikwa "Picha na Mpigapicha Wetu." Hilo nalo liliniuma, sikufichi. Watu wa fildi wengi jina halitoki na hakuna anayekueleza kwa nini. Mi nakushauri muulize mhariri wako wiki ya kwanza kabisa, kwa heshima, na kila picha yako ikitoka nunua nakala, tunza pamoja na faili yenyewe, maana ukienda kuomba kazi hiyo ndo ushahidi.

Bahasha ya hela utakutana nayo. Mikutano ya mahotelini kuna mtu anapita na karatasi ya kusaini, wanaiita nauli. Najua njaa ya fildi, nimeshinda na chapati mbili mpaka jioni, ila ukishaichukua, ile siku ukiambiwa "picha hii usiitoe" mdomo wako unakuwa mzito. Mi nilikataa mara ya kwanza nikitetemeka, za mbele zikawa rahisi.

Kingine, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya habari, na wewe wa fildi bado huna, kwaiyo barua ya gazeti na kitambulisho cha chuo vikae shingoni au mfukoni muda wote, askari akikuuliza unajibu kwa upole unaonyesha. Mechi ya Simba na Yanga kwa Mkapa usitegemee wiki za mwanzo, wanapewa wakongwe.

Na kabla hujasafiri, fanya hivi hapo hapo mkoani kwenu: nenda sokoni na simu yako, piga watu kumi, kila mmoja andika majina kamili, anaishi wapi, alikuwa anafanya nini na lini. Ukitaka, niandikie hizo kepsheni hapa chini, bila picha, nitazisoma zote.