Usiiulize mashine yako, iulize kompaila

Wakala mmoja wa mahindi pale Kibaigwa aliniomba programu ya kupokea uzito kutoka kwenye mizani ya kielektroniki. Niliifungasha kuwa kifurushi cha .deb, cha kusakinisha programu kwenye mfumo wa Debian, usiku, nyumbani Nkuhungu, asubuhi nikapanda basi. Nikaisakinisha kwenye kompyuta yake ya zamani, magunia yamepangwa hadi dirishani, wapagazi wanasubiri. Ukatoka mstari mmoja tu: Illegal instruction, yaani prosesa imepewa amri isiyoijua.

Nilikuwa nimeacha -march=native kwenye Makefile, faili la maelekezo ya kujenga programu. Hapo kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, hutumia kila amri inayojulikana na prosesa ya mashine inayojenga. Laptop yangu ina AVX2, seti ya amri za kasi, kompyuta yake haina, ingawa zote mbili ni amd64, yaani x86 ya biti 64 ya Intel na AMD. Debian imeweka kiwango cha chini cha amd64 kinachoishia SSE2, seti ya amri ya zamani zaidi, na ukiwafungashia watu wengine, baki hapo hapo. Amri za kasi zaidi zitenge kwenye faili lake, programu ikague prosesa kwa __builtin_cpu_supports kabla ya kuzigusa.

La pili lilinikosesha usingizi. Umeme ukikatika kompyuta ile ilikuwa inazimika, kwa hiyo tukahamia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya prosesa ya ARM, yenye betri. Makefile yangu ilikuwa inaita uname -m, inayotaja prosesa kama kerneli, kiini cha mfumo, inavyoiona; ikiona aarch64 (ARM ya biti 64) inaongeza ufafanuzi -DBITI_64. Rekodi zikasomeka kombo, gunia moja likawa na uzito wa lori. Nikaandika dpkg --print-architecture, ikajibu armhf, yaani ARM ya biti 32. Kumbe kerneli ni ya biti 64 lakini programu zote zilizo juu yake ni za biti 32. Ufafanuzi wangu uliilazimisha programu iamini kwamba long, aina ya namba nzima ya lugha ya C, ina baiti 8, na pale ina 4.

Tangu siku ile sitangazi usanifu wa prosesa kwa mkono. Kompaila hutangaza yenyewe __x86_64__, __aarch64__ au __arm__. Andika gcc -dM -E - < /dev/null uone orodha nzima, na uisome kwa utulivu, ina faida kubwa. Ukubwa wa namba usiukisie kutokana na jina la prosesa: tumia int32_t au int64_t, ambazo ukubwa wake haubadiliki. Na kama ndani ya debian/rules, faili la hatua za kujenga kifurushi, lazima utofautishe, tumia DEB_HOST_ARCH, yaani mashine itakayoendesha programu. DEB_BUILD_ARCH ni ile inayojenga. Nimeona wazoefu wakizichanganya hizi mbili.

Bado kulikuwa na jambo moja. Programu ilikuwa inasoma faili la bei hadi mwisho, kisha inaganda. Kwenye Linux ya ARM, char, aina ya kuhifadhi herufi moja, haina namba hasi. Kwenye x86 inazo. Nilikuwa nimeandika char c, ikipokea jibu la getchar() na kulilinganisha na EOF, alama ya mwisho wa faili, ambayo ni -1. Kwenye ARM haziwezi kulingana kamwe, kitanzi hakiishi. Wengine huongeza -fsigned-char kwa ARM peke yake wakaendelea na safari. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu kosa linabaki ndani ya msimbo likimsubiri mfungashaji mwingine. Nilibadilisha char kuwa int, nikajenga upya palepale juu ya meza ya wakala, na gunia lililofuata likasomeka sawasawa.