Masweta ya kashimiri yameota ukungu na kutobolewa. Nifanyeje?

Swali: Habari za kazi. Nina masweta mawili na shali la kashimiri, navaa nikisafiri Ulaya au nikipanda nyumbani Makete. Nikirudi Dar nayafua, nayakunja, nayafunga kwenye mfuko wa nailoni na kuyaweka chini kabisa ya kabati pamoja na vidonge vya naftalini. Baada ya masika nimeyakuta yana uvundo na madoa ya ukungu, na sweta moja lina vitundu vitatu. Mfuko ulikuwa umefungwa vizuri. Nimekosea wapi, na je, bado yanafaa? *Msomaji, Mbezi Beach*

Jibu: Yanafaa, ndugu msomaji, ila una matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni unyevu. Kashimiri ni manyoya laini ya ndani ya mbuzi, membamba kuliko maikroni 19 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kama sufu nyingine yanafyonza maji kutoka hewani. Yanaweza kubeba maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake na ukiyashika usihisi kitu. Hewa ya Dar wakati wa masika mara nyingi ina unyevu wa asilimia 80 na zaidi, kwa hiyo sweta la gramu 300 linaloonekana kavu kwenye kamba bado lina maji zaidi ya gramu 40. Ukilifunga kwenye nailoni, maji hayo hayana pa kutokea, na ukungu huanza kuota unyevu unapozidi asilimia 65 hadi 70. Mfuko wako ulifungwa vizuri, na unyevu ukafungiwa humo humo.

La pili ni nondo wa nguo. Nondo anayeruka hali chochote. Anayetoboa ni kiwavi wake, mweupe, mdogo kama punje ya mchele. Hula keratini, protini inayojenga manyoya, na hupenda zaidi sehemu zenye jasho au mafuta ya chakula: kwapani, shingoni, kifuani. Mayai yaliingia kabla hujafunga mfuko, labda nguo zilipokuwa kwenye kiti au ndani ya sanduku la safari.

Anza hivi. Toa nguo nje siku kavu, vaa barakoa, upepete ukungu kwa brashi laini mbali na madirisha. Kisha weka kila nguo kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga, uweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ili baridi iue viwavi na mayai. Sehemu ndogo ya barafu ndani ya friji ya kawaida haitoshi. Umeme ukikatika mpaka friza ikaanza kuyeyuka, hesabu siku upya. Ukiitoa nguo usifungue mfuko kwa saa 24. Hewa yetu ina maji mengi, na mfuko ukifunguliwa ukiwa baridi, umande utashuka kwenye nguo badala ya kubaki juu ya plastiki.

Baada ya hapo fua. Maji ya bomba Dar kwa kawaida hayana baridi, kwa hiyo usiyachemshe. Yasizidi nyuzi 30. Lita 5 zinahitaji vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya sufu, au shampuu ya mtoto. Sabuni ya unga ya kawaida iache kabisa: nyingi zina vimeng'enya vya kumeng'enya protini ya madoa, na sweta lako nalo ni protini. Jiki ndiyo mbaya zaidi, huyeyusha manyoya yenyewe. Loweka dakika 10, ukibonyeza taratibu bila kusugua. Kila unyoya una magamba madogo, na ukiunganisha joto, sabuni kali na msuguano magamba hayo hushikana; sweta husinyaa likawa gumu, na halirudi tena.

Suuza mara tatu kwa maji yenye joto lile lile. Ikiwa nyumbani mnatumia kisima chenye chumvi, tafuta maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua angalau kwa suuzo la mwisho, kwa sababu chumvi ikibaki kwenye nyuzi itavuta unyevu kila siku. Usikamue kwa kusokota. Lilaze sweta kwenye taulo, livingirishe na kubonyeza, kisha lilaze kivulini mbele ya feni. Madoa meusi ya ukungu huenda yasitoke yote. Ukilazimisha utaharibu kitambaa.

Sasa kukausha kwa kweli, hatua ambayo wengi wa Dar huiruka. Tandaza nguo kwenye chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa kwenye hali ya kukausha hewa (alama ya tone la maji), madirisha yamefungwa, kwa saa sita hadi nane. Zifungie humo humo chumbani, kwenye kasha la plastiki lenye mpira mdomoni na vibanio. Weka silika jeli, zile punje za kufyonza unyevu, gramu 100 kwa kila sweta, na gramu 50 kwa shali jepesi, kwenye mfuko wa kitambaa chepesi. Vipakti vya gramu moja vinavyokuja na viatu haviwezi kazi hii, na mchele utakuletea fukusi. Nunua silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ya buluu huwa na kobalti, iepuke. Ikigeuka, itandaze kwenye trei na uikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili.

Kunja, usitundike: henga hunyoosha mabega. Kasha lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta wa nje.

Naftalini iondoe. Kabatini mvuke wake hutawanyika haraka usifikie kiwango cha kuua viwavi, na ni hatari kwa watoto na kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo si nadra pwani. Inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Udi nao, pamoja na uzuri wake, hauui viwavi. Fukiza siku ya kuvaa, si siku ya kuhifadhi, maana moshi huacha mafuta kwenye nyuzi. Karafuu na mbao za mwerezi ni harufu tu.

Ukinunua kashimiri ya mitumba Karume au Kariakoo, ipite friza kwanza kabla haijakutana na nguo zako.

Fungua kasha mara moja kwa mwezi wakati wa masika na vuli, uangalie rangi ya silika na mishono ya kwapa. Vile vitundu vitatu vizibwe baada ya kufua, kabla ya kuvaa: mwambie fundi akamate kwanza vitanzi vilivyokatika kwa sindano nyembamba, kisha afume kwa uzi wa sufu wa rangi ile ile. Asivute ukingo na kushona kwa cherehani, utakunjamana na kitundu kitapanuka.