Anayetamani Kuongoza Utafiti wa Ulinzi na Aanze na Metali

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliniandikia kutoka Mbarara, akiuliza kama mtu aliyesomea metali anaweza siku moja kuongoza utafiti wa ulinzi wa taifa, au kama nafasi hizo ni za wanajeshi na wataalamu wa umeme peke yao. Mwanangu, anaweza, na imekwishatokea.

V. S. Arunachalam wa India alikuwa mtaalamu wa metali. Aliongoza maabara ya metali za ulinzi mjini Hyderabad kabla ya kukabidhiwa DRDO, shirika zima la utafiti wa ulinzi, aliloliongoza kuanzia 1982 hadi 1992. Katika kipindi hicho ndipo mpango wa makombora ulipoanzishwa, mwaka 1983, chini ya usimamizi wa A. P. J. Abdul Kalam, na kombora la Agni likarushwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Watu husifu injini, lakini kichwa cha kombora la namna hiyo kinaporudi katika angahewa hukutana na joto la maelfu ya digrii, na kisipokuwa na ngao ya kukistahimilisha huungua kabla ya kufika. Ngao hiyo ni kazi ya wataalamu wa malighafi zinazostahimili joto, ndugu wa karibu wa fani yetu ya metali.

Mimi nilianzia karakana ya magari makubwa, ambako shafti za malori zilikuwa zikikatika na lawama zote zikiwaangukia madereva. Niliomba kipande kimoja, nikakisafisha kwa mafuta ya taa, nikakitazama kwa lenzi. Sehemu kubwa ya uso uliokatika ilikuwa laini, yenye mistari iliyopinda kama ile ambayo maji ya ziwa huiacha mchangani Entebbe, yote ikianzia nukta moja ukingoni. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwa umekua polepole, mzunguko kwa mzunguko, hadi chuma kilichosalia kikashindwa na mzigo. Nukta ile ilikuwa pale kipenyo kinapopungua, ambapo fundi alikuwa amekereza kona kali badala ya kuiviringa. Niliandika ripoti, kona zikarekebishwa, madereva wakaachwa kwa amani, nami najivunia kazi ile kuliko cheti chochote nilicho nacho. Hata hivyo, ripoti ilisomwa mbele ya wakubwa ikiwa na jina la mtu mwingine, nami nimesimamishwa nje ya mlango. Bado inaniuma, wala sioni haya kulisema.

Vijana wetu wanaota kiwanda cha silaha cha Nakasongola na viti vya wizarani kabla ya kushika kipande cha chuma kilichovunjika. Msikimbilie ofisi! Kaeni na metali, mjue kwa nini inakatika, kwa nini inaliwa na kutu, kwa nini inalainika kwenye joto, kwa sababu kiongozi asiyeyajua hayo atadanganywa na kila muuzaji wa silaha. Nawe mwanangu wa Mbarara, utakapoandika ripoti yako ya kwanza, weka jina na tarehe katika kila ukurasa, ubaki na nakala, ndipo uikabidhi.