Sweta langu lilingoja miaka minne

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Wiki hii mmetuuliza wasomaji: katika kazi za mkono tunazozianza, zipi tunazimaliza, zipi zinakwama, na nini hutufikisha mwisho? Niliusoma ukurasa huo nikiwa na sindano mkononi, nikaona swali hili limenigusa mno, siwezi kulijibu kwa mistari mitatu.

Mimi nafuma. Sweta, kofia, soksi, mablanketi ya watoto, kwa sindano mbili na uzi. Za watu nazimaliza, zangu zinakwama. Na kinachokwama si kufuma kwenyewe, maana kufuma nafuma hata nikiwa dukani nasubiri mteja. Kinachokwama ni ile kazi ya mwisho: kuunganisha mabega, kushonea mikono, kuficha ncha za uzi, kuosha na kunyoosha. Vipande vya sweta vikitoka kwenye sindano, moyo unadanganyika kwamba kazi imekwisha, kumbe bado theluthi nzima.

Nilizaliwa Bombo, kaskazini mwa Kampala, kwetu Wanubi, ambako wanawake husuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula. Mama alikuwa msukaji. Kawa huanzia kitovuni, inazunguka na kuzunguka, na anayetazama anaona kazi inakwenda yenyewe. Lakini mama hakuniruhusu kuanza kawa la pili kabla la kwanza halijafungwa ukingo. Alikuwa akisema, "Mwanangu, kawa bila ukingo hilo ni fungu la ukindu tu." Nilikuwa msichana, nikaona ananionea.

Nilipoolewa nikaletwa huku Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu umelala bondeni, na mwezi wa Juni na Julai usiku baridi inapenya mpaka kwenye godoro. Ukindu nikauweka kando. Jirani yangu, mama mmoja wa Kikiga aliyekuwa akifuma sweta za wanafunzi, akaniweka kibarazani pake na kunifundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa Rukiga changu kilikuwa bado kichanga. Kitanzi cha mbele, kitanzi cha nyuma, basi. Kila kitu kingine, aliniambia, kinatokana na hivyo viwili.

Sasa, zawadi humalizika kwa sababu zina siku. Arobaini ya mtoto haisogezwi. Idd haikungojei. Shule zikifunguliwa Februari, mtoto anataka sweta asubuhi ile. Pia kuna mtu. Unapofuma unamwona, unaukumbuka upana wa mabega yake, unajua rangi anayoipenda. Hata nikichoka saa nne za usiku, uso wa mtu huyo unaniongezea mistari kumi mingine.

Lakini siku hiyohiyo ina ubaya wake, na hili nalisema kwa uchungu. Mjukuu wangu wa kwanza nilimfumia sweta jeupe la arobaini. Nililifuma vizuri wiki tatu, halafu nikalimalizia usiku mmoja. Nilikuwa na haraka, nikafunga vitanzi vya shingo kwa kubana, uzi umekazwa kama wa kufungia gunia. Asubuhi, mbele ya mashangazi na mabibi wote, mkwe wangu akajaribu kumvisha. Shingo ikafika kwenye paji la uso, ikagoma. Mtoto akalia mpaka akawa mwekundu. Mkwe wangu, mwenye adabu zake, akasema, "Mama, tutamvalisha jioni," akalikunja taratibu. Nilirudi nalo nyumbani mwangu kwenye mfuko.

Kesho yake nikalifumua shingo, nikaviokota vitanzi kimoja kimoja, nikavifunga upya kwa sindano yenye unene wa namba mbili zaidi. Ikanyooka. Kwa bega moja nikaacha upenyo wa vifungo viwili. Tangu hapo kila sweta la mtoto mchanga nalipima kwa futi ya fundi. Mtoto anapozaliwa kichwa chake huwa na mzunguko wa sentimita 34 au 35 hivi, na ndani ya mwezi wa kwanza tu kinaongezeka sentimita 2 au karibu na hapo. Shingo isipovutika kupita kipimo hicho, hata uzi uwe mzuri namna gani, umemfumia mwanasesere. Na utepe wa kufungia shingoni siweki kabisa, mtoto anaweza kujinyonga nao.

Sweta langu mwenyewe nililianza Juni 2019. Rangi ya samawati iliyokoza, kama anga baada ya mvua. Nilinunua madonge 8 ya gramu 100 katika safari moja ya Kampala, pale mtaa wa maduka wa Kikuubo, nikayapandisha basi. Nikafuma kipande cha kupimia kwanza, kama nilivyofundishwa: vitanzi 20 vikanipa sentimita 10. Nikaanza mgongo kwa vitanzi 104, sentimita 52 kamili. (Wanaoruka kipande cha kupimia, nawasihi wasikiruke. Mkono ukilegea ukawa unapata vitanzi 18 badala ya 20, mgongo ule ule wa vitanzi 104 unakuwa karibu sentimita 58. Ongeza na kifua, sweta limekuwa kubwa kwa sentimita 11 na zaidi. Vitanzi viwili tu!) Kufikia Krismasi nilikuwa na mgongo, kifua na mkono mmoja. Nikavikunja, nikavitia kwenye mfuko, kwa kuwa binti ya dada yangu alikuwa anaolewa na nilitaka kumfumia shali.

Ikaja Machi 2020. Usafiri ukafungwa, maduka yasiyo ya chakula yakafungwa, hata sindano ya kushonea hupati. Mkwe wangu alikuwa na mimba ya pili, akajifungua Mei. Arobaini hiyo hapo, na nyumbani sina hata donge moja la uzi. Ninachosema ni kwamba sikufikiri hata dakika tano. Nilitoa vipande vya samawati mfukoni, nikatafuta ncha, nikavuta.

Kufuma miezi sita, kufumua jioni moja. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja vijipindi vidogovidogo, kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Nilizungushia kwenye mgongo wa kiti, nikafunga mafundo manne yaliyolegea ili usitatizike, nikaloweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, nikauning'iniza kwenye waya huku nimefunga kikombe cha bati kwa chini kiuvute. Siku mbili baadaye ukanyooka vya kutosha. Nikamfumia mjukuu blanketi, na safari hii nikajipa siku nne nzima za kumalizia. Likapendeza sana. Yule mtoto sasa yuko shule ya msingi na bado analilalia, kona moja imeanza kuchakaa.

Sijutii. Ila nililojifunza baadaye ni kwamba halikuwa jambo la korona peke yake. Nilipohesabu, niligundua mfuko wangu ulikuwa na vitu vinne vyangu, na kila kimoja kilikuwa kimekatizwa na cha mtu mwingine. Kofia yangu ilitoa uzi kwa soksi za kaka. Soksi yangu moja ilikuwa haina mwenzake. Mikono yangu ilikuwa inawapa joto watu wote wa ukoo, na mimi nakaa dukani nimejifunga shuka.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo. Mwaka 2023 nilichukua kalenda ya ukutani, nikaandika kwenye tarehe ya mwisho wa Juni: "Sweta la mama Bombo." Si la mama. Lilikuwa langu. Lakini nilikuwa nakwenda kumwona mama Bombo wiki hiyo na nilitaka anione nimelivaa. Nikampigia simu nikamwambia, "Mama, nakuja na sweta langu nililolimaliza." Akaniuliza, "Lina ukingo?" Baada ya hapo sikuwa na njia ya kurudi nyuma. Sweta langu likapata siku, likapata na mtu anayelingoja, kama zawadi yoyote.

Nilinunua uzi mwingine wa kuongezea ule wa samawati uliobaki baada ya blanketi. Jina la rangi lilikuwa lilelile, lakini namba ya mkupuo wa rangi (yaani madonge yaliyotiwa rangi pamoja) kwenye karatasi ya donge ilikuwa tofauti, na nilipouweka juani kando ya ule wa zamani, mpya ulikuwa umekolea zaidi. Ukifuma kipande kizima na mmoja halafu kizima na mwingine, doa linaonekana toka barabarani. Dawa yake ni kubadilishana: mistari miwili kwa donge la zamani, mistari miwili kwa donge jipya, mpaka mwisho. Macho hayaoni mpaka. Kazi ni kubwa zaidi kwa kuwa unabeba madonge mawili, lakini inafaa.

Kisha nikaitenga wiki nzima ya kumalizia, bila kuanza kitu kingine. Vipande nilivilaza juu ya godoro lililofunikwa shuka, nikavibana kwa pini kwa vipimo vyangu. Uzi mwingi ninaoupata madukani ni wa akriliki, na huo maji peke yake hauutii kama sufu. Unautia umbo kwa mvuke wa pasi, pasi ikiwa imeinuliwa juu kidogo bila kugusa, maana ikigusa uzi unalegea na haurudi tena. Ubavu niliushona kwa sindano butu, sweta likiwa limeelekea kwangu upande wa nje: unaokota kamba moja ndogo kati ya vitanzi vya upande huu, kisha moja ya upande ule, kama ngazi, mistari mitano sita, halafu unavuta polepole. Pengo linajifunga mbele ya macho yako, mshono haupo. Nimeshona miaka mingi na kila mara nikivuta uzi ule nafurahi moyoni.

Ncha nazo nilizificha moja moja kwa nyuma, kwenda sentimita 5 kisha kurudi. Zamani nilikuwa nazikata fupi. Zikafumuka nguo za watu.

Na kwa zawadi nimeongeza jambo moja ambalo nalihesabu kuwa sehemu ya kumaliza. Shemeji yangu niliwahi kumfumia fulana ya sufu halisi, uzi wake nimeutoa kwenye sweta la mivumba, yaani mitumba, kutoka soko la Owino, Kampala. (Mkitafuta huko, geuzeni nguo ndani nje. Mishono ya pembeni ikiwa imeunganishwa kwa mnyororo wa uzi, inafumuka vizuri. Ikiwa imekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine, mtapata vipande vifupi vifupi.) Fulana ile iliingia kwenye maji ya moto na kusuguliwa, ikatoka nene kama zulia na saizi ya mtoto wa miaka saba. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia mtu. Siku hizi kila zawadi inakwenda na kikaratasi: maji baridi, usikamue kwa kusokota, anika ukiwa umeilaza. Na ndani ya kikaratasi naviringisha mita mbili tatu za uzi uleule, na kifungo kimoja cha akiba.

Bombo nilifika na sweta langu. Kule ni joto, nikalivaa hivyohivyo mpaka jasho likanitoka. Mama macho yake hayaoni vizuri sasa, kwa hiyo hakulitazama. Alipitisha vidole kwenye pindo, akazunguka kiuno chote, akapanda kwenye shingo, akageuza mkono akatafuta ncha. Hakuipata. Akaniambia niketi, chai inapoa.

Mfukoni leo kuna soksi ile moja. Mwenzake nimeshafika kisiginoni, na kwenye kalenda nimemwandikia Jumamosi ya wiki ijayo.

Msomaji wenu,
Kabale