Barua kwa mwanangu: Daftari lililo pembeni ya kompyuta

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma, na picha ya orodha ya masomo nimeivuta mpaka maandishi yakaonekana. Unauliza kama hii shahada ya Mifumo ya Taarifa za Biashara ni ya kompyuta au ya biashara, maana wenzako wa sayansi ya kompyuta wanawaita ninyi makarani na wale wa uhasibu wanawaita ninyi mafundi. Unauliza pia kama uombe kuhama kozi kabla dirisha halijafungwa.

Usihame. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu hili halijibiki kwa sauti ya WhatsApp, na kwa sababu ukaguzi wa ndani ndio uliokusomesha. Miaka yote hiyo nimelipwa kuuliza kama kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Kozi yako inauliza swali hilohilo, ila inaliuliza mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Anza na ada yako. Chuo kilikupa kontro namba, nikalipa kwa simu, na jioni ileile akaunti yako ikaonyesha umelipa. Zamani mwanafunzi alikwenda benki akapanga foleni, akachukua karatasi yake, akaipeleka kwa mhasibu wa chuo na kupanga foleni nyingine. Karatasi zilipotea, nyingine zilighushiwa. Tangu 2017, serikali ya Tanzania ilipoanza kukusanya malipo yake kupitia mfumo mmoja wa kielektroniki uitwao GePG, namba hiyo ndiyo inayobeba habari yote: nani anadaiwa, na taasisi ipi, kwa ajili ya nini, kiasi gani. Kuandika programu ya kutoa namba, mwanafunzi mzuri wa mwaka wa pili anaweza. Kazi iko kwenye maswali yanayoizunguka. Mzazi akilipa nusu, je? Nani ana ruhusa ya kuifuta? Benki ikisema imepokea na chuo kikisema hakijaona kitu, nani anaaminiwa, na kwa ushahidi gani? Hapo mwanasayansi wa kompyuta atakutazama, mhasibu naye atakutazama. Maswali hayo ni yenu.

Wala hili halikuanza juzi. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za biashara iliundwa na Lyons, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na migahawa ya chai na keki. Mfano waliuchukua kutoka mashine ya Chuo Kikuu cha Cambridge, wakaiita ya kwao LEO, na Novemba 1951 ikaanza kukokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vyao vya mikate. Wauza keki waliwezaje? Kwa miaka mingi kabla ya hapo walikuwa na watu ofisini ambao kazi yao ilikuwa kufuatilia karatasi moja moja: imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na ikikosekana nani ataumia. Mashine ilipokuja iliwakuta tayari wanajua wanachotaka. Nimeona ofisi nyingi zikifanya kinyume: mashine inanunuliwa kwanza, halafu watu wanakaa kikao kujadili itafanya nini.

Sasa hayo masomo. Uhasibu usiununie, usipojua ankara inageukaje kuwa deni, utajenga mfumo mzuri wa kuandika uongo. Takwimu utaizoea. Programu ni mazoezi ya kila siku tu, sina la kuongeza.

Hifadhidata ipe heshima yake. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM kule California, alichapisha mwaka 1970 andiko lililofundisha dunia kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Utafundishwa kanuni zake kwa lugha kavu na utasinzia. Ukisinzia, kumbuka duka la jumla ambalo mteja mmoja ameandikishwa mara tatu: kwa jina la biashara yake, kwa jina lake mwenyewe, na kwa jina la mkewe anayekuja kuchukua mzigo. Kila jina lina deni lililo chini ya kikomo cha mkopo. Ukiyajumlisha, jamaa amekopa kupita kiasi muda mrefu na kompyuta inasema yuko salama. Hakuna aliyeiba. Ni jedwali tu halikupangwa.

Lakini somo ninalotaka ulishike kwa mikono miwili ni lile la uchambuzi na usanifu wa mifumo. Hapo nina ushauri mmoja wa kikaguzi: ukifika popote penye kompyuta, tafuta daftari lililo pembeni yake. Nilikagua ghala moja la saruji ambako mfumo ulikuwa na mifuko iliyoingia na mifuko iliyotoka, basi. Mfuko ukipasuka wakati wa kushusha, hakuna pa kuuandika. Mtunza stoo, mtu makini kweli, alikuwa na daftari la kaunta alilojaza mifuko iliyopasuka, iliyolowa, na ile ambayo bosi alichukua kwa ajili ya msiba bila karatasi. Wakubwa walikuja na shauku ya kumkamata mwizi. Mimi nilikaa na lile daftari mpaka saa ya kufunga, maana ndilo lililokuwa na ghala halisi ndani yake. Wachambuzi waliojenga mfumo ule hawakuwahi kusimama pale lori linaposhushwa.

Hata M-Pesa ilifundishwa na watumiaji wake. Wakati wa majaribio kule Kenya, kuanzia 2005, lengo lilikuwa wakopaji wadogo walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, kwa mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wahusika waliangalia, wakakubali walichokiona, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Na mawakala wa mwanzo, pamoja na simu, walikuwa na daftari kubwa mezani ambalo mteja alisaini. Bila wakala mwenye floti, yaani salio la kwenye simu, ya kutosha na pesa taslimu kwenye droo, ujumbe wa simu haulishi mtu. Hiyo yote, pamoja na droo, ndiyo mfumo.

Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza, soma kuhusu Horizon. Shirika la Posta la Uingereza lilianza kuufunga mfumo huo wa hesabu kwenye matawi yake mwaka 1999, ukiendeshwa na kampuni ya kompyuta ya Fujitsu. Wenye matawi, wengi wao watu wa dukani tu wanaouza stempu na magazeti, wakaanza kuona upungufu wa pesa usioelezeka. Mkataba ulisema upungufu ni wao kulipa. Wakipiga simu kuuliza, wengi waliambiwa ni wewe peke yako mwenye tatizo hili. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu. Mwanamke mmoja alifungwa akiwa mjamzito. Sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na mwenye tawi hakuwa na namna ya kuchungulia ndani yake athibitishe. Wakati huohuo wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za tawi kutoka mbali, jambo ambalo Posta ililikana kwa miaka.

Alan Bates, mwenye tawi kule Wales, alikataa kubeba deni la tarakimu asizoweza kuzikagua. Mkataba wake ukavunjwa 2003. Yeye na wenzake, jumla 555, walishinda Mahakama Kuu mwaka 2019, jaji akikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha upungufu wa uongo. Hukumu za wengi zilifutwa kwa sheria ya Bunge mwaka 2024 tu. Kuna waliokufa wakiitwa wezi.

Walioandika programu walikuwa na makosa yao, lakini programu zote zina makosa. Kilichonitisha mimi, mkaguzi, ni kwamba katika shirika lote hilo hakupatikana mtu mwenye nguvu wa kusema: upungufu wa aina moja ukitokea matawi mengi, kagua mfumo kabla ya kukagua watu. Huyo ni mtu anayesoma hesabu na anayesoma jedwali la hifadhidata bila kuogopa lolote kati ya hayo mawili. Sisi huku tunamtafuta na hatumpati kirahisi. Anaitwa mkaguzi wa mifumo, kwingine mchambuzi wa mifumo au mchambuzi wa biashara. Wanaokucheka waambie hivyo, au usiwaambie kitu.

Kuhusu laptop: usichukue ile ya bei uliyonitajia. Chukua iliyotumika, iwe na kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD, na mwombe fundi akuonyeshe betri inavyoshika ukiwa umekaa hapohapo dukani. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, uidai. Akikuambia bei itapungua bila risiti, nenda duka la pili. Nitumie bei kamili kabla ya Ijumaa.

Mama yako